Nyaatha wa Gikondi na Maji ya Nipepe

Msafiri atokaye mjini Nyeri kwenda upande wa kusini hufika katika nchi ya Mukurwe-ini, penye vilima vingi na mabonde yenye mito. Huko ndiko Gikondi. Watu wa pale wamerithishana habari za Sista mmoja Mtaliani, aliyepanda na kushuka vilima hivyo kwa miguu muda wa miaka kumi. Jina lake la utawa lilikuwa Irene Stefani, walakini Wakikuyu walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini ya Italia. Mwaka wa 1911 aliingia katika shirika la Masista wa Consolata, lililoanzishwa mjini Torino mwaka uliotangulia na Padre Giuseppe Allamano. Mapadre wa Consolata walikuwa wamekwisha kufika katika nchi ya Wakikuyu mwaka wa 1902, wakapokewa na Chifu Karuri huko Tuthu.

Sista Irene alishuka Mombasa mwezi wa Januari 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu ya Waafrika walikuwa wamechukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, wale ambao makao yao yaliacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa homa, kuhara na njaa. Sista alitumwa kuwauguza katika hospitali zao, kwanza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Aliwaosha vidonda, akawalisha, akawaombea wale waliokuwa wakikata roho.

Husimuliwa kwamba siku moja huko Kilwa alimkosa mgonjwa mmoja kitandani. Akaambiwa kwamba amekufa, na maiti yake imepelekwa pwani pamoja na nyingine. Sista akaenda pwani, akawatafuta maiti mmoja mmoja, hata akamkuta yule mtu angali anapumua.

Mwaka wa 1920 alipelekwa Gikondi. Alifundisha shuleni, akatembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba, wala hakuuliza kwanza kama mwenye nyumba ni Mkristo. Wazazi wasiojua kusoma walimwendea awaandikie barua kwa vijana wao waliokwenda kutafuta kazi mbali, na majibu yalipokuja yeye ndiye aliyewasomea. Kila karani ajua jinsi barua moja iwezavyo kutuliza moyo wa mama.

Mwezi wa Septemba 1930, baada ya mafungo ya kiroho, Sista Irene alimwomba mkuu wake ruhusa ya kumtolea Mungu maisha yake kwa ajili ya utume. Haikupita miezi miwili, tauni ikaingia. Mwalimu mmoja alipougua, Sista alikwenda kumwuguza, ijapokuwa husimuliwa kwamba mwalimu huyo aliwahi kumpinga katika kazi ya shule. Akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba 1930, umri wake miaka 39.

Hapo mtu aweza kuuliza: je, sala yake ilijibiwa au ilikataliwa? Watu wa Gikondi walilia kwa kufiwa na mama yao, na tauni haikuondoka kwa sababu yeye amekufa. Lakini yeye hakuomba kuokoka. Aliomba kujitoa, na hilo alipewa.

Miaka karibu sitini baadaye, jina lake lilitajwa mbali sana na Mlima Kenya. Mwezi wa Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Msumbiji, watu zaidi ya 200, wengi wao makatekista na jamaa zao, walinaswa katika kanisa la Nipepe, mkoa wa Niassa. Nje palikuwa na mapigano; ndani hapakuwa na maji ila yale machache ya kisima cha ubatizo, kilichochongwa katika gogo la mti. Wakamwomba Sista Irene awaombee kwa Mungu. Walishuhudia kwamba kwa siku nne walikunywa maji hayo, wakubwa kwa watoto, wala hayakuisha. Mtoto wa kike aliyezaliwa wakati huo aliogeshwa kwa maji hayo hayo, akaitwa Irene.

Kanisa Katoliki halikupokea habari hizo kwa haraka. Mashahidi walihojiwa, na mambo yote yakachunguzwa na wataalamu, hata mwezi wa Juni 2014 Baba Mtakatifu Fransisko akaukubali muujiza huo. Tarehe 23 Mei 2015, mjini Nyeri, Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam alimtangaza kuwa Mwenye Heri mbele ya umati mkubwa wa watu. Ilikuwa mara ya kwanza ibada ya namna hiyo kufanyika katika nchi ya Kenya. Padre Allamano naye alitangazwa kuwa Mtakatifu mjini Roma tarehe 20 Oktoba 2024.

Wako watakaosadiki habari za Nipepe na watakaosita. Lakini hata asitaye hawezi kukana habari za Gikondi, kwamba mgonjwa alipoita usiku, yuko mtu aliyevaa viatu akaenda. Waliomwomba kule Msumbiji walimkimbilia mtu ambaye, alipokuwa hai, hakuzoea kumwambia mwenye shida angoje hadi kesho.