Kitenzi cha Kiingereza «shrive»: maana, asili na matumizi

Huku Kpandroma hatuko mbali na mpaka wa Uganda, na vitabu vya Kiingereza vinaweza kutufikia. Mseminari akikuta ndani yake kitenzi «shrive», anasimama na kuuliza. Inafaa kuuliza, maana neno hilo linahusu kazi ya padri mwenyewe.

Maana yake ni nini? Padri anasikiliza maungamo, anatoa malipizi, anaondolea zambi: mambo hayo matatu pamoja ndiyo «shrive». Kwa wakati uliopita wanasema «shrove». Mtu aliyekwisha kuondolewa zambi ni «shriven», na ungamo lenyewe ni «shrift».

Linatoka wapi? Katika Kilatini «scribere», ni kusema kuandika. Kifaransa «prescrire» ni ndugu yake. Waingereza wa kale walilitumia kwa maana ya kuagiza, na zaidi kuagiza malipizi. Tusishangae: kwetu pia daktari anamwandikia mgonjwa dawa. Tangu karne ya 6 watawa wa Irlandi walikuwa na vitabu vilivyopanga malipizi kadiri ya kila zambi. Uingereza nayo ikapata vitabu vya namna hiyo. Kimoja kina jina la Theodoro, askofu mkuu wa Canterbury toka 668 mpaka 690.

Linatumikaje? Leo ni neno la nadra. Limebaki katika «Shrove Tuesday», Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu. Siku ile waamini walikuwa wakiungama, waingie Kwarezima na moyo safi. Sasa Waingereza wengi wanaikumbuka kwa ajili ya chapati za mayai tu. Limebaki tena katika «short shrift», ungamo fupi. Katika mchezo wa Shakespeare juu ya mfalme Richard III, Hastings, aliyehukumiwa kukatwa kichwa, anahimizwa aungame upesi, kwa sababu mkubwa anangoja chakula. Leo maana yake ni kumpuuza mtu, kutompa nafasi.

Na sisi tuseme namna gani? Mwenye zambi anaungama, padri anaungamisha. Maneno hayo ni mazuri, lakini «kuungamisha» linaonyesha zaidi kumsaidia mwingine aseme. «Shrive» linatukumbusha kwamba kazi ya padri haiishi kwa kusikia. Sheria ya Eklezya ya 1983, kanuni ya 981, inamdai atoe malipizi yanayofaa, kadiri ya zambi na hali ya mtu. Kwa hiyo mfasiri asiweke neno moja kila mahali. Pengine itafaa «kuondolea zambi», pengine «kutoa malipizi».

Pasaka ikikaribia, mstari wa waungamaji ni mrefu, na haraka inamjaribu kila padri. Lakini daktari anayewaandikia wagonjwa wote dawa moja bila kuwauliza, nani atamsifu? Katekista awatayarishe watu mbele, na padri ampe kila mmoja malipizi yake.