Je, Wajua? Miji pacha iliyopishana saa

Mei 1965, mji wa Saint Paul nchini Marekani ulisogeza saa zake mbele tarehe 9 kwa ajili ya majira ya kiangazi. Minneapolis, jirani yake wa ubavuni, ukafuata sheria ya jimbo lao na kungoja hadi tarehe 23. Kwa wiki mbili, ukivuka daraja la Mississippi ulikuta watu wamepishana nawe saa nzima! Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuoanisha saa nchini.

Hata leo, seva ya Linux ya nyumbani katika miji hiyo haina budi kujua saa ya mahali ilipo. Itifaki ya NTP, inayolinganisha saa kupitia mtandao, huleta saa ya kimataifa ya UTC tu. Majira ya mahali haiyajui. Seva ikikosea saa moja kamili, usiulaumu mtandao: andika amri ya timedatectl, uhakikishe ukanda wa saa unasomeka America/Chicago. Ikipotoka kwa sekunde kadhaa, kagua kama ruta imeziba mlango wa UDP 123 unaotumiwa na NTP.