Basketi ya wanafunzi: juu ya nini mpinzani anapatikana kwa shida

Dakika 40 za basketi zinaisha upesi. Lakini mbele ya dakika hizo, kuna mtu aliyeshinda na simu wiki nzima akiuliza: nani atakubali kucheza na sisi, siku gani, na njia atailipa nani?

Kwa kijana wa Kamatanda anayesoma na kucheza Likasi, hilo si swali la kuelezwa sana. Ekipe za karibu zinajulikana, na kucheza nazo kila mwezi kunachosha. Ukitaka wengine, unatoka: Lubumbashi iko karibu kilometa 120, Kolwezi karibu 180. Wachezaji 12 na kochi, basi, mafuta, peaje, chakula. Na ile barabara ni ya malori ya madini. Lori moja likianguka mbele yenu, wenyeji wanabaki kiwanjani wanangoja, na kama kiwanja hakina taa, saa kumi na mbili jioni mechi imekufa. Ongeza mvua za Novemba mpaka Aprili, ongeza mitihani, ambayo kila chuo kinaipanga kivyake. Siku zinazobaki ni chache kweli.

Njia ya kawaida ni kurudishiana: mwaka huu nakuja kwako, mwaka kesho unakuja kwangu. Tabu ni kwamba aliyepokea mgeni kwanza anaweza kusahau deni lake.

Mtu angefikiri feza zinamaliza shida hiyo. Kule Marekani feza ziko, na shida iko. Mechi za ligi chuo kinapangiwa, lakini kama kumi hivi, nyingi za Novemba na Desemba, kila kochi anajitafutia. Vyuo vikubwa vinalipa vidogo vije vicheze bila kurudishiwa safari, na mkubwa anategemea kushinda. Tarehe 12 Novemba 2019, Kentucky, iliyokuwa ya kwanza nchini, ililipa Evansville dola 90,000. Evansville ikashinda 67 kwa 64, ikarudi na feza pamoja na ushindi.

Na hapo njo fundo lilipo. Mkubwa akishinda mdogo, hapati sifa yoyote. Akishindwa, inaandikwa kila mahali na hesabu ya kumchagua kwa mashindano ya Machi inaharibika. Kwa hiyo ekipe ndogo inayojua kucheza inapiga simu na hakuna anayeitika. Ekipe dhaifu inaalikwa kila siku! Sifa nzuri inafunga milango, jambo ambalo wachezaji wenyewe hawalielewi wanapoona kalendriye yao iko tupu.

Likasi haina dola za kuita mtu, lakini iko na kitu kingine: iko katikati. Lubumbashi na Kolwezi zikitaka kuchezeana, moja inasafiri karibu kilometa 300 kwa mechi moja tu. Zikikutana Likasi siku ya posho na siku ya mungu, kila ekipe inapata mechi mbili kwa safari moja, na mwenyeji hasafiri kabisa. Yeye anabaki na kazi ya kutafuta pa kulaza wageni, chakula, na waamuzi ambao wageni wote wawili watawakubali. Hilo la waamuzi linafaa kuanzwa mapema, mbele hata ya kuulizia basi.