Ndege Aongozaye Wawindaji wa Asali

Katika nchi kama Uingereza na Marekani, mwenye bunduki akienda mbugani kuwinda kwale huongozwa na mbwa. Mbwa huyo amefundishwa: akinusa ndege majanini husimama kimya kama nguzo, pua yake ikielekea pale alipo ndege. Hapa Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 yakataza kuwinda kwa kujifurahisha. Lakini kwa Waboran, ambao ndio wenyeji wengi wa Merti, jambo hili limegeuzwa: ndege hawindwi, bali ndiye amwongozaye mwindaji, na kinachotafutwa ni asali.

Ndege huyo ni mlembe. Ni mdogo kuliko njiwa, na rangi yake ya kijivu haivutii macho. Yeye hupenda nta na majana ya nyuki, lakini hawezi kuvunja mti wala kustahimili miiba ya nyuki. Binadamu ana shoka na moto, lakini hajui nyuki walipo. Kwa hiyo kila mmoja anamhitaji mwenziwe.

Mboran atakaye asali humwita kwa mluzi uitwao fuulido, usikikao mbali zaidi ya kilomita moja. Huupiga kwa kupuliza ndani ya viganja vilivyofumbatwa, au gamba la konokono, au kokwa ya mkoma iliyotobolewa. Ndege huja akilia, huruka mbele, hutua, hungoja, kisha huruka tena. Wafikapo, hubadili sauti yake na kukaa karibu na nyuki.

Wazee walisema kuwa kwa kumtazama ndege waliweza kujua upande na umbali wa safari. Wataalamu wawili, H. A. Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na H.-U. Reyer, walilipima jambo hilo kwa miaka mitatu kaskazini ya Kenya, wakatangaza matokeo mwaka 1989. Waliona kuwa wazee walisema kweli. Katika nchi wasiyoizoea, watu wasio na ndege walitumia kwa wastani saa 8.9 kupata nyuki. Wenye ndege saa 3.2. Tena, katika kila makao 100 ya nyuki, 96 ndege asingeweza kuyafikia pasipo binadamu kuyafungua.

Sisi tuliosoma na kukaa ofisini huenda tukayaita mambo haya ya kizamani, maana sukari iko dukani. Tukumbuke kuwa mapatano haya yana pande mbili. Imeonekana katika sehemu kadha za Afrika kuwa watu wakiacha kumfuata ndege, naye huacha kuongoza. Wala mluzi hauazimwi kwa jirani: utafiti uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa ndege wa Tanzania huitikia zaidi mwito wa Wahadzabe, na wale wa Msumbiji mwito wa Wayao.

Basi, enyi wazee wa Merti, wafundisheni vijana fuulido wangali wakichunga. Nanyi vijana, mkipata asali, zimeni moto vizuri, msiukate mti wote, na mwachieni kiongozi wenu nta yake. Mtumishi asiyelipwa ujira wake harudi kazini.