Kompyuta ikikataa mtandao, usimfukuze mlinzi

UFUTA na korosho vikishapimwa ghalani, kazi katika kata ya Malolo, wilayani Ruangwa, huwa haijaisha. Hufuata makaratasi: majina ya wakulima, kilo za kila mmoja, bei ya mnada na makato. Orodha ikichelewa au ikiwa na kosa, anayeumia ni mkulima anayesubiri fedha zake.

Kumbukumbu hizo zimezidi kuwa na uzito tangu korosho ilipoanza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani mwaka 2007. Katika msimu wa 2024/25, minada ya korosho iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza kupitia chama kikuu chao, RUNALI. Kwa hali hiyo, kompyuta ya nyumbani ya karani au mfanyabiashara mdogo si ya kutazamia sinema tu. Ni ofisi.

Tuchukue mfano wa karani mwenye kompyuta mbili. Moja iko mezani nyumbani, imeunganishwa na printa. Nyingine ni ya kubeba, na ndiyo anayoingizia uzito wa mizigo ghalani. Zote mbili hupata mtandao kutoka kwenye simu yake. Wiki hii amenunua simu mpya, na tangu hapo kompyuta ya kubeba haioni printa wala mafaili ya ile ya mezani. Orodha inatakiwa kesho asubuhi. Jirani anamshauri azime fayawoli. Anaizima, printa inafanya kazi, naye anasahau kuiwasha hadi msimu mwingine.

Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kazi ya fayawoli

Fayawoli ni programu inayosimama kati ya kompyuta na mtandao, mfano wa mlinzi wa lango la ghala mwenye daftari la maagizo. Ile iliyomo ndani ya Windows, isipobadilishwa, hufuata maagizo mawili makubwa. Kinachotoka hupita, isipokuwa kama kimekatazwa. Kinachotaka kuingia huzuiwa, isipokuwa kama kimeruhusiwa.

Kwa sababu hiyo, tovuti isipofunguka, fayawoli si ya kwanza kulaumiwa. Angalia kwanza kama kifurushi kimekwisha, au kama simu yenyewe inafungua tovuti hiyo. Fayawoli hushukiwa zaidi pale intaneti inapofanya kazi vizuri, lakini kompyuta mbili za nyumba moja haziwasiliani.

Hatari ya kuizima imeshaonekana. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilienea kwenye kompyuta za Windows duniani bila mtu kufungua barua wala faili lolote. Mwaka uliofuata Microsoft ilitoa marekebisho ya Windows XP ambayo fayawoli yake ilikuwa imewashwa tangu mwanzo. Mei 2017 kikaja WannaCry, kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia katika nchi zipatazo 150. Kilipitia mlango namba 445, uleule ambao Windows huutumia kushirikisha mafaili na printa. Mlango ambao karani anaufungua ili achape orodha ndio mwizi aliopitia.

Tatizo hutafutwaje?

Kwanza, angalia mtandao umewekwa kundi gani. Windows huita mtandao wa nyumbani Private na wa hadharani Public. Kwenye Public, mlinzi hukaza masharti na kompyuta hujificha. Simu mpya ni mtandao mpya, na mtandao mpya mara nyingi huwekwa Public. Hiki ndicho kinachoweza kumkuta karani wetu: fayawoli haijaharibika, ila haijui kwamba iko nyumbani. Dawa ni kufungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta zote mbili na kuchagua Private. Ukienda kutumia mtandao wa gesti au wa mgahawa, acha Public.

Pili, tafuta katazo la zamani. Programu mpya ikitaka kupokea mawasiliano, Windows huuliza kama iruhusiwe. Wengi hubonyeza Cancel ili waendelee na kazi, bila kujua kwamba jibu hilo huandikwa kama amri ya kuzuia. Baadaye ukiongeza ruhusa, haisaidii, kwa sababu katazo hushinda ruhusa. Fungua fayawoli, ingia Advanced settings, kisha Inbound Rules. Tafuta jina la programu yako lenye alama nyekundu. Lifute, fungua programu upya, na ikiulizwa tena iruhusu kwenye Private peke yake.

Tatu, hesabu walinzi. Baadhi ya programu za kuzuia virusi huja na fayawoli yake. Unaweza kurekebisha moja siku nzima, kumbe inayozuia ni nyingine.

Nne, soma daftari. Fayawoli ya Windows inaweza kuandika kila inachokizuia, lakini lazima uiamuru kufanya hivyo kwenye sehemu ya Logging. Ukiona neno DROP, hapo mgeni amerudishwa. Saa na namba ya mlango vitakuonyesha ni nani.

Ikibidi kuizima kwa majaribio, zima kwanza data ya intaneti kwenye simu, uache kompyuta zikiwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Jaribu kwa dakika moja, kisha iwashe kabla ya kurudisha data. Printa ikikubali, umejua kosa liko kwenye maagizo, na maagizo ndiyo ya kurekebisha.

Hakuna mwenye ghala anayemfukuza mlinzi kwa sababu amemzuia mpagazi mmoja. Humwendea, akasoma daftari lake, akasahihisha jina lililokosewa. Kompyuta yenye majina na kilo za wakulima wa kijiji kizima inastahili uangalifu huohuo, hata kama orodha inatakiwa asubuhi.