Mgawo wa Kumbukumbu Upimwe Saa Umeme Unaporudi

Umeme ukirudi Boko, Dar es Salaam, baada ya kukatika, seva ya hospitali au shule iliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo hulazimika kuziamsha mashine pepe zake zote kwa mkupuo. Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi: moja hushika hesabu, nyingine kanzidata, nyingine mafaili, na zote hugawana RAM ile ile, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta halisi. Kwa mazingira yetu, mgawo wa RAM hiyo unapaswa kupimwa kwa saa hiyo ngumu. Wastani wa matumizi ya siku hautoshi.

Wastani huvutia kwa sababu una ukweli ndani yake. Mwaka 1968 mwanasayansi wa kompyuta Peter Denning alionyesha kwamba programu, kwa kipindi kifupi, hugusa sehemu ndogo tu ya kumbukumbu iliyopewa. Ndiyo maana wataalamu wa TEHAMA huthubutu kuahidi zaidi ya walichonacho: seva ya GB 64 hubebeshwa mashine sita za GB 16, jumla GB 96, na siku za kawaida kazi inakwenda. Mwaka 2002 Carl Waldspurger wa kampuni ya VMware alieleza mbinu ya puto inayosaidia ahadi hiyo itimie. Ni programu ndogo ndani ya kila mashine pepe. Ikivimba, hushika kurasa za kumbukumbu zisizohitajika sana, na haipavaiza, yaani programu inayozisimamia mashine zote, huzipeleka kwenye upungufu.

Tatizo ni kwamba puto huishi ndani ya mfumo endeshi, na mfumo ukiwa bado unawaka, puto halipo. Waldspurger mwenyewe alilitaja hilo. Wakati huo huo, baadhi ya matoleo ya Windows hujaza sifuri kwenye kumbukumbu yote yanapowaka, hata ile ambayo hayataitumia siku nzima. Haipavaiza ikiishiwa hukimbilia diski. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Diski ya SSD huchukua kama mara elfu moja zaidi, na diski ya kuzunguka huchelewa kuliko hiyo. Wahudumu wa mapokezi watadhani kanzidata imekufa, kumbe inasubiri zamu.

Wapo watakaosema UPS, yaani betri ya akiba ya seva, inatosha. UPS hununua dakika za kuzima salama. Kuwaka upya kunabaki pale pale. Wengine watasema vituo vikubwa vya data hubana mashine nyingi na havilemewi. Vituo hivyo vina seva nyingi za kuhamishia mzigo na njia za akiba za umeme. Ofisi yenye seva moja haina pa kukimbilia. Kuongeza RAM ni jambo jema, lakini mashine iliyopewa kupita kiasi hujaza nafasi hiyo kwa nakala za mafaili, na hitaji lake halisi linafichika.

Basi kanzidata itengewe RAM yake yote, isiyoguswa na puto, na haipavaiza iachiwe akiba yake. Mashine nyingine ziwashwe kwa zamu, kila moja ikisubiri iliyotangulia itulie. Kisha, jioni isiyo na kazi, zizimwe zote na kuwashwa, huku fundi akitazama kipimo cha haipavaiza cha kumbukumbu iliyohamishiwa diski. Kikibaki sifuri, mgawo unafaa. Kikipanda, ahadi zipunguzwe kabla ya kuongeza mashine ya saba.