Mgeni mkubwa akija, njia inafungwa: nani anafunga, kwa haki gani, na nani analipa?

Kila mara rais, mfalme ao Papa anapotangazwa kuja kwetu, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp maswali yanakuwa yale yale. Njia gani imefungwa? Kuanzia saa ngapi? Mtihani iko ao haiko? Motari anapita? Halafu mwenye hasira anauliza: wana haki gani kutufungia mji wetu wenyewe? Ile swali ya mwisho ndiyo nataka tuiangalie pole pole. Mimi lisansi yangu ni ya agronomi, si ya sheria. Lakini kufunga njia inagusa shamba na soko kuliko watu wanavyofikiri, na katiba si mali ya wana-sheria peke yao.

Nitachukua mfano ambao wengi tunaukumbuka: Papa Francis Kinshasa, kuanzia tarehe 31 Januari hadi 3 Februari 2023. Mimi ni mtoto wa Bukavu, lakini siku zile nilikuwa Kinshasa, nikifanya kazi ya muda na kikundi kimoja cha mama walimaji wa mboga katika bonde la mto Ndjili. Kwa hiyo niliona ile ziara kutoka upande wa lengalenga, upande ambao kamera hazikuonyesha.

Kwanza tujue kwamba wageni wakubwa hawafanani. Rais ao mfalme akikuja, kazi ya walinzi ni kumuweka mbali na watu. Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipokuja Juni 2022, alipita Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu. Kule Lubumbashi alizungumza na wanafunzi wa chuo kikuu, Bukavu alifika kwenye hospitali ya Panzi. Ziara ya namna ile inahesabiwa kwa mialiko: mwenye jina kwenye listi anaingia, asiye na jina anaangalia televisheni. Papa ni kinyume. Yeye ni mkuu wa nchi, ndiyo, maana Vatikano ni dola, lakini anakuja juu ya watu wamuone. Bila watu, ziara haina maana. Walinzi wake hawawezi kusema “rudini nyumbani”, wanapaswa kumlinda katikati ya watu milioni. Na kweli, kwenye misa ya tarehe 1 Februari, kiwanja cha ndege cha N'dolo, viongozi walihesabu zaidi ya watu milioni moja. Wengi walilala palepale usiku kucha kusudi wapate nafasi.

Sasa, nani anafunga njia? Watu wengi wanafikiri walinzi wa mgeni ndio wanatoa amri. Hapana. Mgeni anakuja na watu wake wa karibu (Papa anakuja na jandarma wa Vatikano na Walinzi wa Uswisi), lakini hao wanashughulikia mwili wake: nani anasimama karibu, nani anagusa gari, mlango gani unatumika. Barabara, umati, mapaa ya nyumba na bariyeri ni kazi ya nchi inayopokea. Kwetu, sheria mbili zilizotangazwa siku moja, tarehe 11 Agosti 2011, zinagawa hiyo kazi. Moja ni ya jeshi, na ndani yake Garde Républicaine inapewa kumlinda rais wa Jamhuri pamoja na wageni wake wa heshima. Nyingine ni ya polisi ya taifa, ambayo inabaki na usalama wa watu na mali zao. Kwa hiyo ukisimamishwa kwenye bariyeri, anayekusimamisha ni dola ya Kongo, na dola ya Kongo ndiyo unayoweza kuuliza. Usipoteze muda kulaumu Roma ao Bruxelles.

Tena kuna deni la kimataifa. Mkataba wa New York wa tarehe 14 Desemba 1973 unalazimisha nchi kuzuia na kuadhibu mashambulizi juu ya wakuu wa nchi, wakuu wa serikali na mawaziri wa mambo ya inje wanapokuwa ugenini. Na mkataba wa Vienna wa 1961 unasema nyumba ya ubalozi haiguswi, na nchi mwenyeji inapaswa kuilinda. Papa alilala kwenye ubalozi wake, kule Gombe. Ndiyo maana mitaa ya pale ilikazwa kuliko mingine. Mgeni akiuawa kwako, haitakuwa habari ya mhalifu mmoja tu. Itakuwa ni nchi iliyoshindwa kazi yake.

Watu wanafikiri yote ile ni juu ya risasi. Risasi iko, sikatai. Tarehe 13 Mei 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi pale pale Roma, kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro, na tangu hapo gari la Papa likawekewa vioo vya kuzuia risasi. (Francis hakuvipenda, alipendelea gari wazi, waza usingizi wa walinzi wake.) Lakini kwetu Kongo, hesabu ya wafu inasema jambo lingine. Tarehe 4 Mei 1980, Yohane Paulo wa Pili akiwa Kinshasa kwa mara ya kwanza, watu 9 walikufa kwa kukanyagana kabla ya misa pale Palais du Peuple. Hakuna aliyepiga risasi. Na miezi mitatu tu kabla Francis hajafika, Oktoba 2022, watu 11 walikufa kwenye konseti moja ya muziki ndani ya Stade des Martyrs, uwanja ule ule ambao yeye alikutana na vijana tarehe 2 Februari. Kwa hiyo unapoona foleni ndefu, milango inayofunguliwa usiku, watu wanaogawanywa kwa vipande na kamba, usiseme mara moja ni dharau. Umati ukibanwa, mtu anakosa hewa akiwa amesimama. Milango mingi iliyo wazi mapema, njia za kutokea, maji, na watu wasioshindana kufika mbele, hizo ndizo zinaokoa watu. Hapo mimi niko upande wa walinzi kabisa.

Nisipokuwa upande wao ni kwenye barabara.

Mwenye anajua Kinshasa anajua Buleva Lumumba. Kutoka kiwanja cha ndege cha Ndjili mpaka Gombe ni kama kilometa 25, na mgeni yeyote anayeshuka pale lazima aipite. Lakini ile buleva ndiyo pia mshipa wa Tshangu yote: Masina, Ndjili, Kimbanseke, Nsele, Maluku. Watu wa kule, karibu wote, wanategemea njia ile kufika kazini, hospitalini na sokoni. Ukifunga Lumumba umekata mji mara mbili. Sisi wa Bukavu tunaelewa upesi, maana njia ya Kavumu ni vile vile: ndege inashuka mbali, barabara ni moja, na ile moja ndiyo inaleta kabichi na nyanya kutoka Kabare.

Sasa ona mahesabu ya mama mwenye lengalenga, ile ambayo Kinshasa wanaita bitekuteku. Inakuwa tayari kama wiki 3 ao 4 baada ya kupandikizwa. Ikibaki shambani siku mbili zaidi, haiharibiki. Inakomaa kidogo, bei inashuka kidogo. Lakini ikishakatwa, saa inaanza kukimbia. Jani limetenganishwa na mzizi, maji yanatoka na hayaingii tena. Mwezi wa pili Kinshasa joto linapita digrii 30, hakuna chumba cha baridi, kuna ndoo ya maji na gunia lililoloweshwa. Iliyokatwa alfajiri, ikisimamishwa kwenye bariyeri mpaka mchana, jioni unauza kwa nusu bei ao unaitupa. Na mama yule alikwisha kulipa mbegu, samadi, na mtu wa kumwagilia. Wengine wanaishi kwa mkopo wa likelemba. Zamu ya kuchanga haingoji msafara kupita.

Unaona basi mahali tatizo liko? Kufunga njia peke yake hakumuui mama yule. Kinachomuua ni kufunga bila kumwambia. Akijua jioni ya leo kwamba kesho njia haipitiki kuanzia saa nne mpaka saa kumi, hakati. Anaacha mboga kwenye udongo, ambao ndio friji yake ya bei rahisi, anakata kesho kutwa. Kwa kikundi chetu, tarehe 1 Februari haikuleta hasara kubwa, na sababu ni moja: serikali ilitangaza mapema kwamba siku ile hakuna kazi Kinshasa nzima, tena na mshahara unalipwa. Mama zetu walijua, hawakukata. (Ule “mshahara unalipwa” waliucheka sana, nani atamlipa muuza mboga?) Hasara ilikuja siku nyingine, kwa saa ndogo ndogo za kufunga na kufungua ambazo hakuna aliyezitangaza. Siku moja ile, mabeseni matatu yalirudi nyumbani yamelala kama nguo chafu.

Walinzi watajibu: ratiba ni siri, tukitangaza tunamsaidia mwenye nia mbaya. Jibu lile lina ukweli nusu. Kwa Papa, njia yenyewe haikuwa siri, watu walipanga mistari toka kiwanja cha ndege wakipeperusha bendera. Siri gani tena? Na hata kwa mgeni wa aina nyingine, unaweza kuficha gari gani amepanda na dakika gani anapita, bila kuficha kwamba barabara itafungwa asubuhi ao mchana. Hizo ni habari mbili tofauti.

Sheria nayo inatusaidia hapa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kutembea huru nchini, kwa masharti yaliyowekwa na sheria. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao nchi yetu iliingia 1976, unakubali kwenye kifungu cha 12 kwamba uhuru ule unaweza kupunguzwa juu ya usalama ao utulivu wa watu wote, lakini iwe kwa sheria na iwe ni lazima. Kamati inayosimamia mkataba ule iliongeza maelezo mwaka 1999: kizuizi kilingane na hatari, na kati ya njia zinazofaa, ichaguliwe ile inayoumiza kidogo. Kwa hiyo kufunga Lumumba saa mbili msafara unapopita, sawa. Kuifunga toka alfajiri kwa mgeni anayeshuka mchana, hapo mtu anapaswa kueleza. Na askari anayeomba franka kusudi ufungue njia “ya pembeni” hajafunga kwa sheria yoyote. Ameshaonyesha mwenyewe kwamba njia ingeweza kufunguka.

Ukikamatwa, kumbuka kifungu cha 18: lazima uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, na kuzuiliwa na polisi kusipite saa 48. Kama grupu yenu inataka kusimama barabarani na bango mbele ya mgeni, kifungu cha 26 kinawadai kumjulisha kiongozi kwa maandishi. Kujulisha. Neno “ruhusa” halimo, hata kama kwenye ofisi watalitumia mara kumi.

Siwezi kuandika juu ya ziara ile bila kusema Goma. Mpango wa kwanza ulikuwa Julai 2022, na misa moja ingefanywa Kibumba, kaskazini ya Goma. Goti la Papa liliahirisha safari. Ilipopangwa upya, Goma haikuwemo tena, juu ya vita. Kibumba, kwa mwana-agronomi, ni bustani ya Goma: kabichi, karoti, viazi, liki, vyote vinashuka kwa ile njia ya Rutshuru. Ni kwenye njia ile pia, tarehe 22 Februari 2021, ndipo balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa pamoja na mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo. Siku ile njia ilikuwa imehesabiwa kuwa salama kupitwa bila ulinzi wa silaha. Baada ya hapo, nani angeweka saini Papa apite? Basi wale walioumizwa na vita walisafirishwa wao kumfuata, toka Beni, Bunia, Goma, Bukavu, Uvira, mpaka ubalozini Gombe, wakatoa ushuhuda mbele yake jioni ya tarehe 1 Februari. Naelewa uamuzi ule, hata ningekuwa mlinzi ningeuchukua. Lakini dereva wa kabichi aliendelea kupita pale kila njia ilipofunguka, bila mtu wa kuhesabu hatari kwa niaba yake.

Mgeni mwingine atakuja, leo ao mwaka kesho. Napendekeza chama chetu kiandike barua kwa kila mji tulipo na memba, kabla ya jina la mgeni kujulikana, tukiomba mambo machache: komunike ya redio jioni ya kuamkia siku ya kufunga, kwa Kifaransa na kwa lugha ya mtaa, saa za kufunga na za kufungua, njia moja ya pembeni kwa wagonjwa, wanafunzi wa mtihani na vyakula vinavyooza, na namba ya simu ya afisa ambaye mtu anaweza kumpigia akikwama. Wenzetu wa Sheria waandike rasimu. Sisi wa agronomi tutaleta orodha ya saa za kuvuna na saa za soko, zao kwa zao.